Maswali Yenu: Sheria za Wanavajo zinapatikana wapi, na mahakama yao ikikuita ufanyeje

Mwezi uliopita tuliandika mstari mmoja tu kwamba Wanavajo, kabila la wenyeji asilia kule Marekani, wana mahakama zao wenyewe, mpaka Mahakama ya Juu, halafu tukapita zetu. Kumbe tumechokoza nyuki. Barua zimekuja nyingi, moja ilikuwa ndefu kuliko ukurasa huu, nimechagua nne ambazo zinagusa watu wengi. Majina nimeyatoa. Na niseme mapema, hapa naelekeza pa kutafuta, mwenye kesi mkononi aende kwa wakili.

"Nimegugo hadi macho yanauma"

*Habari za kazi mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa sheria hapa Dar, niko mwaka wa nne, naandika tasnifu kuhusu sheria za kimila zinavyotumika mahakamani. Msimamizi wangu ameniambia nilinganishe na Wanavajo, akaniacha hapohapo. Nimegugo hadi macho yanauma, nachopata ni utalii, michoro ya mchanga na watu wanaouza vitabu vya amani ya roho. Sheria yenyewe siioni. Zile database za kulipia chuo hatuna na mimi hela sina. Nianzie wapi? – Mwanafunzi, Dar es Salaam*

Pole mdogo wangu, hilo la amani ya roho limewakuta wengi. Anza na hili: Taifa la Navajo halina katiba iliyoandikwa. Ukikaa unatafuta katiba yao utamaliza muhula. Wana mkusanyiko wa sheria unaoitwa Navajo Nation Code, umegawanywa kwa namba kuanzia Title 1 mpaka Title 26, na baraza lao la kutunga sheria, wajumbe 24, linakaa Window Rock, Arizona. Baraza linauweka mkusanyiko mtandaoni na kusoma ni bure. Tovuti zao rasmi nyingi zinaishia na navajo-nsn.gov, angalia hilo kwanza kabla hujaamini ukurasa wowote.

Usisome yote, utachoka bure. Wewe kamata Title 1, maana ndiyo yenye haki za msingi za watu na ndiyo yenye Sheria ya Msingi ya Diné (Diné ndivyo wanavyojiita wenyewe), halafu kamata Title 7 inayohusu mahakama. Ukiona imeandikwa 7 N.N.C. § 204 maana yake ni Title 7, kifungu cha 204, na hicho kifungu kiprinti kabisa ukibandike ukutani kwa sababu tasnifu yako yote iko pale: kinamwambia jaji atumie sheria ipi kwanza. Sheria zilizotungwa na Navajo, zikitafsiriwa kwa mwanga wa mila zao, sheria ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani, pale inapowahusu, na sheria ya jimbo, Arizona au New Mexico au Utah, ni ya kuazima tu pale ambapo yao haisemi kitu. Sasa kaa ulinganishe na kwetu, ambako sheria ya kimila ndiyo inayopenya kwenye nafasi iliyoachwa na sheria ya Bunge.

Kitu kingine kitakachokuokoa ni kujua kusoma namba za maazimio yao. Utakutana na CN-69-02 ukadhani ni namba ya gari. C ni Council yaani baraza, N ni Novemba, 69 ni azimio la 69, na 02 ni mwaka 2002. Hilo ndilo lililoitambua rasmi Sheria ya Msingi ya Diné, ndani yake wametaja matawi manne, sheria ya jadi, ya kimila, ya maumbile na ile inayotokana na desturi za watu wote. CO-69-58 ni la Oktoba 1958, ndilo lililozaa mahakama zao za sasa, zikaanza kazi Aprili 1959. Kabla ya hapo, tangu 1892, mahakama zilizokuwepo zilikuwa za serikali ya shirikisho, zimewekwa ili kuwabadilisha tabia Wahindi Wekundu, na hilo usiliache nje ya sura yako ya historia. CD-94-85 ni la Desemba 1985, hapo rufaa zao zikapata Mahakama ya Juu yenye Jaji Mkuu mmoja na majaji wenzake wawili. Ukishajua hiyo mbinu ya namba unaweza kulifuatilia azimio lolote mwenyewe, na ni muhimu kwa sababu kitabu kilichochapwa kinachelewa, baraza linabadilisha vifungu na mabadiliko yanakuwa kwenye azimio kwanza.

Baada ya Code nenda kwenye hukumu. Za rufaa zinakusanywa kwenye mfululizo unaoitwa Navajo Reporter, juzuu la kwanza linaanzia kesi za 1969. 7 Nav. R. 383 ni juzuu la 7 ukurasa wa 383. Za karibuni zaidi utazikuta kwa namba ya faili, mfano SC-CR-03-04: Mahakama ya Juu, jinai, kesi ya tatu ya mwaka 2004, na ikiwa CV ni madai. Tovuti ya mahakama zenyewe inaweka nyingi kama faili za kupakua.

Kesi mbili usizikose. Ya kwanza ni mirathi ya Belone, 1987, hii ni ya kwako kabisa maana inajibu swali ambalo hata kwetu linasumbua, mila inathibitishwaje mahakamani? Mahakama ilisema anayeitegemea mila lazima aiseme wazi, halafu aithibitishe kwa hukumu zilizotangulia, au maandiko ya wataalamu, au mashahidi wanaoijua mila hiyo, na kama ni jambo linalojulikana na wote jaji anaweza kulichukua tu kama linajulikana. Jaji hakai akabuni mila kichwani.

Ya pili ni Navajo Nation dhidi ya Rodriguez, 2004. Polisi walimpa mtuhumiwa fomu ya haki zake, kama ile ya kukaa kimya, kwa Kiingereza, akasaini, akaongea. Mambo ya kawaida ambayo tunayaona kwenye muvi kila siku. Mahakama ya Juu ya Navajo ikasema hapana, kumsukumia mtu karatasi haitoshi, kwa mila zao unakaa naye, unamweleza taratibu, bila papara, mpaka aelewe anachokiachia. Yaani wamechukua haki ile ile iliyotoka Washington wakaipima kwa adabu za kwao na ikatoka na nguvu zaidi. Mimi hiyo naiona ina thamani kuliko makala ishirini za kusifia hekima ya wazee.

Na hapo niseme la moyoni. Mtandaoni utakuta maandishi mengi mno kuhusu usuluhishi wao wa jadi, ambao mahakama ziliuanzisha rasmi 1982, watu wanakaa na msuluhishi anayeheshimika, ndugu wanakuwepo, kila mtu anaongea na aliyekosa analipa fidia ya kurudisha uhusiano. Ni kitu cha kweli na kinafanya kazi mpaka leo, lakini wageni wameshakipamba mpaka unadhani kule hakuna mikopo isiyolipwa wala kesi za mipaka. Chukua maelezo ya watu wa ndani. Robert Yazzie, aliyekuwa Jaji Mkuu kuanzia 1992 mpaka 2003, aliandika makala kwenye jarida la sheria la chuo cha New Mexico mwaka 1994. Raymond Austin, aliyekaa kwenye Mahakama ya Juu miaka 16, ana kitabu kizima kuhusu mahakama za Navajo na sheria zinazotokana na desturi zao, kilitoka 2009 Chuo Kikuu cha Minnesota. Ukikipata hicho, nusu ya tasnifu imeshakaa.

Sasa hela. Kuna maktaba inaitwa National Indian Law Library, iko Boulder, Colorado, ni ya shirika la Native American Rights Fund, ipo tangu 1972 na inahudumia umma. Wana ukurasa wa kila kabila unaokuonyesha sheria zake ziko wapi, na unaweza kuwaandikia mkutubi swali. Ila uliza kitu kimoja kinachoeleweka, "naomba hukumu ya mirathi ya Belone ya 1987", usiandike "naomba kila kitu kuhusu Navajo". Pia kuna tovuti ya Tribal Law and Policy Institute, na Maktaba ya Bunge la Marekani ina ukurasa wake wa sheria za wenyeji asilia. Zote bure.

Kwa upande wa ulinganisho, una malighafi nzuri sana hapo nyumbani. Sisi mwaka 1963 tulizichukua mila za upande wa ukoo wa baba tukaziandika kwenye tangazo la serikali, GN 279, kifungu kwa kifungu, zikaganda vile vile. Wao 2002 wametambua kanuni tu, mambo mengine wakawaachia majaji na wazee. Ipi inamlinda mjane zaidi? Sikujibii, lakini soma kesi yetu ya Ephrahim dhidi ya Pastory ya 1990, ya mwanamke aliyeuza ardhi ya ukoo, ukiwa na Belone mkono mwingine.

"Niitupe hii karatasi?"

*Jambo papa. Niko dereva wa lori, natoka Uvira, sasa naishi Phoenix. Nilipata aksida kwa barabara ya 191 karibu na Chinle, pikapu ya Mnavajo moja iligongana na lori yangu. Watu hawakufa, Mungu asifiwe. Sasa nimepata karatasi inaniita kwa tribinali ya Wanavajo pale Chinle, ananidai feza ya gari na ya hospitali. Warafiki wananiambia ile si tribinali ya kweli, si ya serikali ya Amerika, niitupe. Nifanye nini? – Dereva, Phoenix*

Usiitupe kaka. Hao marafiki wapende, lakini kwenye hili wasikushauri.

Ile ni mahakama ya kweli. Chinle ni mojawapo ya mahakama zao za wilaya, zipo pia Tuba City, Shiprock, Window Rock, Crownpoint na kwingine, na eneo lao ni kubwa, karibu kilomita za mraba 70,000, Rwanda na Burundi ukiziunganisha zinaingia humo na nafasi inabaki. Ukikaa kimya, mlalamikaji anaweza kuomba hukumu bila wewe kuwepo, akishaipata anakuja nayo huku nje, na Arizona ina kanuni zake maalum za kutambua hukumu za madai za mahakama za makabila. Hapo ndiyo utajua ni ya kweli.

Lakini swali la kama wana mamlaka juu yako, wewe usiye Mnavajo, ni swali halali kabisa na mawakili wanaligombania kila mwaka. Kwa ufupi iko hivi. Jinai, tangu kesi ya Oliphant ya 1978 kabila haliwezi kwa kawaida kumshtaki asiye mwenyeji asilia, na Bunge la Marekani limeweka mambo machache tu nje ya kanuni hiyo. Kwako wewe siyo jinai, ni madai. Kwenye madai kuna kesi ya Montana ya 1981, inasema kabila kwa kawaida halina mamlaka juu ya mtu wa nje isipokuwa ameingia nao kwenye uhusiano wa hiari, kama mkataba au biashara, au kitendo chake kinatishia moja kwa moja maisha ya kabila lenyewe. Halafu 1997 ikaja Strate, hiyo ni ya ajali kama yako, North Dakota huko, kwenye barabara kuu ya jimbo iliyopita ndani ya ardhi ya kabila, Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo ndiyo ya mwisho kwa nchi nzima, ikasema mahakama ya kabila haikuwa na mamlaka. Ila wale waliogongana wote wawili walikuwa watu wa nje, na wa kwako ni Mnavajo, na Wanavajo wana hoja yao nyingine: mkataba wao na Marekani wa tarehe 1 Juni 1868, uliosainiwa waliporudishwa kutoka kifungoni Bosque Redondo, wanasema unawapa nguvu kuliko makabila mengine. Kwa hiyo barabara yenyewe iko kwenye ardhi ya nani, na hati ya njia, ile ruhusa ya barabara kupita kwenye ardhi hiyo, inasema nini, hayo ndiyo wakili wako atakayoyatafuta kwanza.

Sasa kosa ambalo watu wengi wanafanya ni kukimbilia mahakama ya shirikisho Phoenix wakalalamike. Kwa kesi mbili za 1985 na 1987, National Farmers Union na Iowa Mutual, mahakama ya shirikisho mara nyingi itakwambia rudi kwanza Chinle, pinga mamlaka hukohuko, ukishindwa kata rufaa Window Rock, ukimaliza ngazi zao zote ndiyo urudi hapa. Na usidhani mahakama ya jimbo ndiyo ya kukimbilia kila jambo. Mwaka 1959 kwenye Williams dhidi ya Lee, mfanyabiashara wa Kizungu wa pale Ganado alikuwa amewakopesha wanandoa wa Kinavajo vitu dukani, akawashtaki kwenye mahakama ya Arizona, akashinda mpaka juu ya jimbo, alipofika Mahakama Kuu ya Marekani akaambiwa hapana, deni la duka lililo ndani ya ardhi yao linaamuliwa na mahakama yao. Kesi hiyo wanaijua mpaka watoto wa shule za sheria.

Basi leo hii fanya hivi. Piga picha kila ukurasa wa hiyo samansi na bahasha yake. Peleka kwa kampuni yako na kwa bima ya lori, leo, maana bima wakichelewa kuambiwa wanaweza kukuruka, na mara nyingi ni wao wanaokuwekea wakili. Huyo wakili muulize swali moja: umesajiliwa na Navajo Nation Bar Association? Wana mtihani wao wenyewe, wakili wa Phoenix mwenye ofisi nzuri lakini bila usajili huo hawezi kuingia tu kukusimamia. Na kule usishangae ukikutana na mtetezi ambaye hakusoma chuo cha sheria, wanaruhusiwa wakifaulu mtihani, na wengine wanaijua mahakama hiyo kuliko maprofesa. Ukiwa huna kitu mfukoni na bima imekataa, kuna DNA-People's Legal Services, wanasaidia wenye kipato kidogo tangu 1967, makao yao yako Window Rock, waulize kama suala lako wanalichukua. Andika jina lote ukitafuta, ukiandika DNA tupu Google itakuletea maabara.

Na saa! Hii imewaponza wengi. Arizona haibadilishi saa wakati wa joto lakini Wanavajo wanabadilisha, kwa hiyo kuanzia Machi mpaka Novemba Chinle iko mbele ya Phoenix kwa saa nzima ingawa ni jimbo hilohilo. Samansi ikisema saa tatu asubuhi, kwako Phoenix ni saa mbili. Ukifika umechelewa saa nzima hakuna atakayesikiliza habari za simu yako ilivyoandika.

"Mama anauliza ng'ombe"

*Sasa mhariri! Mimi ni nesi, Mkenya, nafanya kazi upande wa Shiprock. Kuna mtu wangu hapa, Mnavajo, amesema tufunge ndoa na familia yao wanataka ile harusi yao ya kienyeji. Mama yangu huko Kisii anauliza mambo ya ng'ombe. Mimi nauliza mambo ya sheria: hiyo harusi inatambulika? Watoto watakuwa wa nani? Na nikishaolewa hiyo mahakama yao itakuwa na nguvu juu yangu? Nisome nini? – Nesi, New Mexico*

Hongera dada! Wewe unasoma Title 9, ni ya familia, na sehemu ya ndoa ni fupi, unaimaliza ukiwa kwenye chai.

Harusi ya kienyeji inatambulika, tena sheria imeandika kabisa iwe na nini ndani. Wawili wawe wamekutana na kukubaliana. Wazazi wa mwanaume waende kwa wazazi wa mwanamke kumuomba. Bwana na bibi harusi wale uji mzito wa mahindi kutoka kwenye kikapu kitakatifu. Waliohudhuria watoe mawaidha ya ndoa. Halafu zawadi, sheria inasema zinaweza kutolewa au zisitolewe, kwa hiyo hapo pa ng'ombe mama yako na wakwe watajijua wenyewe, Title 9 haiwakatazi. Na hapo kwa wazazi kuja kuomba, mweleze mama kwamba ni sheria siyo porojo, atafurahi.

Lakini kikapu kisikufanye usahau karatasi. Ndoa ya Mnavajo na mtu wa nje ina maelezo yake kwenye sheria na imeshawahi kuleta mabishano mahakamani, na wewe una mambo ya uhamiaji ambayo afisa wake anataka cheti, siyo uji. Kabla ya tarehe nenda kwa karani wa mahakama ya Shiprock umuulize: mimi si Mnavajo, tunataka harusi ya jadi, nichukue leseni ipi na nani anaruhusiwa kutufungisha? Makarani huwa hawatoi ushauri wa kisheria lakini fomu na utaratibu wanakupa. Na wakili wa uhamiaji muone pembeni, hiyo ni dunia nyingine.

Watoto. Uraia wa Navajo unataka angalau robo ya damu ya Kinavajo, kwa hiyo kama mchumba wako ni Mnavajo pande zote, mtoto ni nusu, anapita. Hauji wenyewe lakini, lazima mumsajili kwenye ofisi yao ya kumbukumbu za vizazi. Kwa ukoo ni jambo jingine, wao wanafuata ukoo wa mama kama Waluguru wa Morogoro, na wewe ukoo wa Kinavajo huna, kwa hiyo mtoto atajitambulisha kwa ukoo wa baba yake katika ile nafasi ya pili. Waulize wakwe mapema watamtambulishaje, hilo kule siyo dogo.

Utasikia sana habari za ICWA, ile sheria ya shirikisho ya 1978 inayolinda watoto wa makabila wasichukuliwe ovyo na kupelekwa kwa watu wa nje. Mwaka 2023 ilipingwa mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, Taifa la Navajo likiwa mmoja wa waliojiunga kuitetea, na ikabaki. Ila ile haihusu mama na baba wanaogombania mtoto kwenye talaka. Mambo hayo yakitokea, tuombe yasitokee, yanaweza kwenda mahakama ya familia ya Navajo au ya jimbo kutegemea mnaishi wapi na nani alianza kufungua.

Kuhusu nguvu juu yako, soma kesi moja tu, Means dhidi ya mahakama ya wilaya ya Chinle, 1999, ndiyo hiyohiyo 7 Nav. R. 383 niliyomtajia mwanafunzi. Russell Means, yule mwanaharakati maarufu, alikuwa Mlakota, kabila jingine la wenyeji asilia, ameoa Mnavajo na kuishi Chinle, akashtakiwa kumtishia na kumpiga baba mkwe wake. Akasema mimi si Mnavajo, hamniwezi. Mahakama ya Juu ikamjibu kwamba umeoa kwetu, umekaa kwetu, wewe ni mkwe, na mkwe ana haki zake na wajibu wake, kwa hiyo umekubali. Alipanda mpaka mahakama ya shirikisho ya rufaa, akashindwa 2005, ingawa wale waliegemea zaidi sheria ya Bunge inayoruhusu kabila moja kumshtaki mtu wa kabila jingine la wenyeji. Wewe kwa vile si mwenyeji asilia, jinai kwa kawaida haikugusi, ile Oliphant niliyomwambia dereva. Lakini kwa madai, ndoa, nyumba, mtoto, ukishaolewa na kuhamia ndani, mimi nisingehesabu kwamba niko nje.

"Rais lazima aongee lugha?"

*Nimeona mahali kwamba mgombea urais wa Wanavajo alitolewa kwa kutojua lugha. Ni kweli au stori za mtandao? – Mwalimu, Tanga*

Kweli mwalimu. 2014, Chris Deschene alikuwa ameshavuka kura za mchujo akiwa wa pili, wapinzani wake wawili wakalalamika kwamba haongei Kinavajo kwa ufasaha kama sheria ya uchaguzi ilivyotaka. Aliitwa kwenye kikao, akaulizwa maswali kwa lugha hiyo, akakataa kujibu. Mahakama ya Juu ikaagiza jina lake litoke kwenye karatasi za kura, majaji wawili kwa mmoja, uchaguzi ukasogea mpaka Aprili 2015. Julai mwaka huohuo wananchi wakapiga kura ya maoni wakabadilisha: sasa mpiga kura ndiye anayeamua kama mgombea anaongea vya kutosha.

Ukitaka kuisoma tafuta Tsosie dhidi ya Deschene kwenye hukumu za 2014, na usiishie kwa wale wawili walioshinda, msome na jaji aliyekataa. Gazeti lao la Navajo Times lilifuata sakata lote wiki kwa wiki, nalo linatoka Window Rock hukohuko.